Mbwa wa Kizungu, Kengele ya Banalia

Ninyi mnaosomea udaktari wa wanyama siku hizi, nimewaona. Mnapita mtaa wa Makiso mmekaa nyuma ya toleka, baisikeli ya kubeba abiria, mmeshavaa koti jeupe tangu nyumbani, kana kwamba baisikeli nayo ni mgonjwa. Mmoja wenu alikuja kwangu juzi na daftari lake. "Papa, mbwa aina ya koka, asili yake ni nini, tabia yake ni ipi, umbo lake likoje?" Nilimjibu kwa saa mbili. Aliandika mistari mitatu. Nikaona afadhali niandike mwenyewe, maana mistari yake mitatu ndiyo ileile niliyokariri mimi miaka ya hamsini, na nusura iniue.

Kitabu chetu cha shule kilikuwa na ukurasa mmoja na nusu juu ya koka. Niliujua kama Baba Yetu. Kilisema koka ni wa jamii ya épagneul, jina ambalo wasomi wanadhani limetoka Hispania, ingawa mbwa mwenyewe alikuzwa Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuingia vichakani na kuamsha ndege fulani mwenye mdomo mrefu, ili bwana wake, aliyesimama mahali pakavu, ampige risasi. Hesabuni basi. Mwingereza mwenye jina la Kihispania, ameelezwa kwa Kifaransa, amenunuliwa na Mgiriki muuza vitambaa, anaogeshwa na mpishi Mlokele. Hiyo ndiyo ilikuwa Kisangani yetu, ambayo Wazungu waliiita kwa jina lao. Na kwa kuwa ndege yule mwenye mdomo mrefu hatunaye, koka wa hapa walifukuza kuku wa watu.

Juu ya umbo, kitabu kilisema: mbwa mdogo, anakufika gotini, kifua kipana, miguu mifupi yenye nguvu, manyoya laini kama hariri, yananing'inia tumboni na nyuma ya miguu. Mkia hautulii. Masikio yanaanzia usawa wa jicho na yanashuka, marefu kiasi kwamba yakivutwa mbele yanafika ncha ya pua. Juu ya tabia: mchangamfu, mpole, mtiifu, anapenda watu.

Sentensi ile ya masikio ishikeni. Nitairudia.

Mimi wakati huo nilikuwa na diploma mpya na hofu za zamani. Niliajiriwa kuwa msaidizi katika kituo cha mifugo karibu na mto Tshopo, na kila jambo nililifikiria mpaka likaoza. Mtu akinisalimia asubuhi, nilijiuliza kwa nini leo amenisalimia kwa sauti ndogo. Nikimpa nguruwe dawa, nilirudi mara tatu kumtazama kama ni nguruwe yuleyule. Ukiniuliza saa, nilisema, "Pengine saa nne." Ndiyo maana kituo kizima kiliniita Pengine. Jina nililobatizwa lilibaki kanisani.

Mkubwa wetu alikuwa daktari Mbelgiji ambaye tulimwita Bwana Mbio. Kiswahili chake kilikuwa na neno moja lililonyooka, nalo ni hilo. Ng'ombe, mbio. Sindano, mbio. Ukimwambia mtu amefiwa, alisema pole, halafu mbio. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu kwamba ugonjwa unaonekana kutoka mlangoni.

Mtu wa tatu, na wa kwanza kwa akili, alikuwa Papa Longele, mlinzi wa vizimba vya mbwa. Alitoka Banalia, mwindaji mwana wa mwindaji, na hakujua kusoma. Mbwa wote wa mjini walimshangaza kwa kelele. Kwao, mbwa wa msituni habweki. Anawinda kimya, na mwindaji humfunga shingoni kengele iliyochongwa kwa mti, ili ajue alipo kwenye majani marefu. Papa Longele alitundika kengele moja ya namna hiyo msumarini, juu ya kiti chake. Mimi, msomi, niliiona kama takataka ya kijijini. Nilifikiria pia kama nimwambie aiondoe, lakini nilifikiria kwa miezi minne, na Mungu ni mwema, sikumaliza kufikiria.

Sasa, Jumatatu moja mpishi wa Mgiriki alituletea koka kwenye toroli, ndani ya kapu la nguo. Mbwa aliitwa Karameli, na rangi yake ilikuwa hiyohiyo.

"Toka juzi hakuli," mpishi akasema. "Hakunywi. Hakubweke. Iko anatoa mate tu. Madame analia, mimi ninafanya kazi ya mbwa na ya Madame."

"Alikuwa wapi kabla ya hapo?" nikamwuliza.

"Alitoroka. Siku mbili alikuwa mu manyasi kule uwanja wa ndege. Pengine aliuma mbwa ingine. Pengine mbwa ingine ilimuuma."

Nilimpenda mpishi yule mara moja. Lakini nikahesabu dalili. Kimya, mate, hanywi, alitoroka. Ninyi mmeshasoma, mnajua: ni kichaa cha mbwa, kile cha kimya, kinacholegeza taya. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angefunga kizimba na kurudi nyuma hatua tano.

Nami nilifikiria kufanya hivyo. Ndipo lile jini langu likaanza. Je, huyu ni koka kweli? Kama si koka, basi huenda tabia hii ya kimya ni ya kawaida kwa aina yake. Nilipaswa kwanza kuhakikisha aina. Na kitabu kilisema masikio yakivutwa mbele...

Ndiyo, wanangu. Mbwa anayeshukiwa kichaa, nami nikaingiza mkono kapuni, nikashika sikio la kushoto, nikalivuta mpaka puani.

Lilifika. Kitabu kilisema kweli. Karameli naye, yule mpole, mtiifu, anayependa watu, akaniuma mkono.

Mpishi alikuwa ameshageuka na toroli lake, hakuona. Nililisukumia kapu kizimbani, nikafunga, nikaingiza mkono mfukoni. Papo hapo Bwana Mbio akasimama mlangoni. Alimtazama mbwa kwa muda wa kuwasha sigara.

"Haina kubweka, haina kunywa, iko natoa mate. Kichaa. Andika, tia sahihi, askari anapiga risasi. Mbio!"

Fomu ilikuwa na mistari mingi, lakini mmoja tu wenye uzito: *Mwenye kichaa: Ndiyo / Hapana.* Unakata lisilotakiwa. Nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa mfukoni unavuja damu.

Nifikirieni pale. Nikiandika Ndiyo, Karameli anakufa jioni ile, kichwa chake kinasafirishwa mbali kuchunguzwa, jibu linarudi Mungu akipenda, nami nangoja nikijua nimeumwa. Nikiandika Hapana na ikawa ndiyo, anauma mji mzima. Uhai wangu ulikuwa umefungwa kwenye uhai wa mbwa yule: akiishi, nami naishi, akifa kwa ugonjwa, nami namfuata. Akifa kwa risasi, sijui lolote. Nikakata maneno yote mawili, na juu yake nikaandika neno pekee nililolijua vizuri.

Bwana Mbio alisoma. Akasoma tena.

"*Pengine?* Monsieur Pengine! Fomu inasema oui ou non. Wapi umeona pengine?"

Baadaye niliwaambia watu kwamba nilikuwa na mpango, kwamba niliikumbuka kanuni. Uongo. Niliogopa tu. Lakini kanuni ilikuwapo kweli, na Bwana Mbio ndiye aliyeikumbuka, uso ukamwiva: mbwa anayeshukiwa hupewa siku kumi kizimbani. Neno langu la woga lilikuwa limemfunga mikono.

"Bon," akasema. "Siku kumi. Mimi nakwenda safari, narudi siku ya kumi. Utakaa naye weye mwenyewe. Ikikufa, utaandika oui, na utatafuta kazi ingine. Mbio."

Akaondoka na gari lake kukagua machinjio ya mbali. Nikabaki na Karameli na Papa Longele.

"Mutoto yangu," Papa Longele akaniambia, "mukono iko wapi?"

"Mufukoni, Papa."

"Toka lini mukono inalalaka mufukoni saa ya kazi?"

Nikautoa.

"Alikuuma."

"Kidogo, Papa."

"Kidogo iko meno ngapi?"

"Mbili. Pengine tatu."

"Ata meno unahesabiaka na pengine!" Alinivuta bombani, akaniosha kwa sabuni na maji, akasugua mpaka nikaona nyota mchana. Kisha akaniuliza kwa nini sijaenda hospitali.

"Sindano zake ni za tumboni, Papa. Na ni nyingi."

"Bon. Ukianza kubweka, unaniambia mapema. Nitakufunga kengele."

Hapa simameni niwaambie jambo moja bila mzaha. Kuosha ule mkono kulikuwa sahihi. Kutokwenda hospitali siku ile ile kulikuwa upumbavu, na diploma yangu haikuupunguza. Sindano za siku hizi ni za mkononi. Hamna kisingizio hata kile changu kibovu.

Siku ya pili nilianza kujichunguza. Kitabu kilisema mgonjwa huogopa maji, kwa hiyo kila asubuhi nilikunywa bilauri moja. Nikaona moja haithibitishi kitu, nikanywa ya pili. Kufika saa sita tumbo lilikuwa ngoma. Nikapata hofu mpya: je, kunywa maji mengi hivi si dalili pia? Papa Longele alinitazama nikienda chooni mara ya saba.

"Weye hauogope maji," akasema. "Maji ndiyo inakuogopa weye."

Karameli yeye alilala pembeni, pua ukutani. Tulimwekea bakuli pana la maji. Aliinamisha kichwa, masikio yote mawili yakatangulia kuzama kama nguo za kufua, akalia kidogo, akarudi nyuma. Papa Longele alifunga kitambaa chenye maji kwenye ncha ya fimbo, akakipitisha kwenye waya. Mbwa akakinyonya bila kufungua mdomo sana. Mtu mwenye utulivu angeliona jambo pale: kiu anayo, maji anayataka, tatizo ni taya. Mimi niliandika daftarini, "Ananyonya. Kwa nini?" Kisha nikaandika sababu kumi na moja, tisa kati yake zikiwa za kuua.

Kutoka ofisini kizimba hakikuonekana. Nilikuwa nakwenda kuchungulia kila nusu saa kama mbwa bado anapumua, mpaka Papa Longele akachoka na vumbi langu. Siku ya nne akashusha kengele yake msumarini, akatengeneza kitanzi kwenye ncha ya fimbo, akamvisha Karameli bila kumgusa.

"Sasa kaa. Ikilia, iko muzima. Donc weye fanya kazi."

Mngemwona! Koka wa Kiingereza, manyoya ya hariri, masikio kama mapazia ya sebule ya Madame, na shingoni kipande cha mti cheusi kwa moshi wa Banalia. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nikakaa ofisini kusikiliza. Kengele haikulia kama ya mbwa anayetembea. Ilikuwa kimya muda mrefu, halafu ghafla inatetema kwa haraka, halafu kimya. Kila tulipomletea chakula, inatetema vilevile. Niliandika kila mara ilipolia. Nikadhani ni degedege. Siku ya tano, tulipokuwa tunakula pondu, kisamvu chetu cha mchana, nilimwambia Papa Longele kwamba mwisho umekaribia, wangu na wa mbwa, na kwamba baisikeli yangu aichukue yeye.

Aliacha kutafuna.

"Nyamaza. Sikia."

Kengele ikatetema.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Papa. Degedege."

"Degedege ya mama yako! Sikia vizuri. Kule kwetu, mbwa akitembea, kengele inasema ko, ko, ko. Akikimbiza nyama, inasema kokokoko mpaka mbali. Hii hapa iko ya pale pale. Hii iko kichwa inasema *hapana*. Mbwa iko na kitu mu sikio. Sikio ya kushoto, kwani muti inagonga upande moja tu."

Upande wa kushoto. Nilitazama mkono wangu. Sikio nililovuta lilikuwa la kushoto. Manyasi ya uwanja wa ndege. Taya linalouma likifunguliwa, kwa hiyo hali, hanywi, habweki, mate yanamwagika kwa kuwa hamezi. Kila dalili ya kitabu ilikuwapo, na kila moja ilikuwa na mlango mwingine wa kutokea.

"Mbwa yetu masikio inasimama," Papa Longele akaendelea, pondu mdomoni. "Kitu ikiingia, anatikisa, inatoka. Hii ya Wazungu iko pazia. Kitu inaingia, pazia inafunga. Nani alitengeneza mbwa hivi?"

"Waingereza, Papa."

"Basi wafunguwe wao."

Sikuwa na haki bado ya kusema hana kichaa, wala ya kumshika. Mbwa mwenye kitu sikioni anaweza pia kuwa na kichaa. Hilo nililifikiria, na safari hii kufikiria kwangu kulikuwa na maana. Papa Longele alichukua kopo la kutilia mafuta mnyororo wa baisikeli, lile lenye mdomo mrefu mwembamba, tukaliosha kwa sabuni na maji ya moto, tukatia mawese ya uvuguvugu. Yeye alibana pazia kwa fimbo kupitia wayani, mimi nikapitisha mdomo wa kopo, matone matatu, kisha tunaruka nyuma wote wawili. Asubuhi na jioni. Siku ya saba Karameli akatikisa kichwa kwa nguvu hata kengele nusura ipasuke, na mawese machafu yakarukia ukuta, daftari, na shati langu la diploma. Kwenye daftari, juu ya neno "degedege", palikuwa na mbegu ya nyasi yenye ndevu, ndefu kama ukucha.

Jioni ile alikunywa. Tulimpa maji ndani ya chungu chembamba chenye shingo, mdomo uingie na masikio yabaki nje. Hiyo ndiyo siri yangu ya kwanza kwenu juu ya koka: chombo chembamba. Siri ya pili: akila, fungeni masikio kisogoni kwa kitambaa, la sivyo atabeba makayabu, samaki wa chumvi, siku nzima na nzi watamfuata kama wafuasi wa nabii. Ya tatu: akitoka kwenye nyasi, kagueni sikio na vidole vya miguu kabla hamjakagua kitabu, maana kwenye manyoya yale kupe na funza hupanga vyumba. Na msimkaripie sana. Koka ukimpigia kelele anakutazama kwa macho ya mjane, nawe unakuwa mkosaji nyumbani kwako.

Tabia yake ilirudi siku ya nane. Mkia ulianza kwanza, kisha mbwa akaufuata. Alinilamba kupitia waya mkono uleule, nami nikaruka nyuma, kwa kuwa siku zilikuwa bado mbili. Kitu kimoja tu hakikurudi. Hakubweka. Nilimwuliza Papa Longele kama hiyo si dalili.

"Amevaa kengele ya Banalia," akasema. "Abweke kwa nini?"

Siku ya kumi gari la Bwana Mbio liliingia na vumbi lake. Hakuuliza habari. Alikwenda kizimbani, akamkuta Karameli amesimama kwa miguu miwili, anatikisa kila kitu alicho nacho. Akatoa fomu mpya mfukoni.

"Alors. Leo hakuna pengine. Oui ou non?"

Nilichukua kalamu kwa mkono wa kulia. Nikakata Ndiyo. Hapana ikabaki peke yake kwenye mstari, neno dogo, na sikurudi kulitazama mara ya pili.

"Una hakika?" akauliza.

Nikamwonyesha mkono, matundu mawili, na la tatu ambalo kumbe lilikuwapo.

"Docteur, aliniuma siku ya kwanza. Kama sina hakika, mimi nimekufa."

Bwana Mbio aliutazama mkono ule kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mgonjwa yeyote. Akaketi juu ya toroli la kituo. Sigara ikaungua yenyewe mpaka vidoleni. Kisha akasema, polepole, kwamba mimi ni mjinga, na kwamba nikae naye kidogo. Tulikaa. Baadaye alinipeleka mwenyewe hospitali, nako daktari alinitukana kwa Kifaransa safi kabisa, na nilistahili.

Niliporudi, mpishi alikuwa ameshafika na kapu lake kumchukua mbwa, na wafanyakazi wote walikuwa wamekusanyika. Papa Longele aliifungua kengele shingoni mwa Karameli, akaifuta kwa shati lake, akanijia. Kabla sijafikiria, alikuwa amenifunga mimi.

"Siku kumi imekwisha, Pengine," akasema. "Bon. Bweka, tusikie."

Wote wakaningoja. Nilikuwa na diploma. Nilikuwa na shati la madoa ya mawese na kengele ya mbwa shingoni. Kwa mara ya pili siku ile, sikufikiria chochote.

Nikabweka. Na ndani ya kapu la nguo, Karameli akanijibu.